Mama Yangu Kwenye Tanbihi

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba koti langu limepandishwa cheo.

Sikushangaa sana. Koti lile lina bidii. Pale kazini kwetu kila mtu ana makoti mawili, moja la kuvaa na jingine la kukaa kitini. La kukaa kitini haliondoki. Ukienda kula, ukienda hospitali, ukienda kuzika, unaliacha limekaa pale, kompyuta inawaka, kalamu haina kifuniko, ili bosi akipita aseme huyu yupo, ametoka kidogo tu. Koti langu la kijivu limekaa pale tangu nilipoajiriwa na halijawahi kuomba ruhusa. Mimi niliwahi kuomba mara moja, bibi yangu alipofariki, na hadi leo nakumbushwa.

Basi naingia ofisini, jua la mchana linawaka dirishani, na Bwana Mwambene, mkurugenzi wetu, ameshika mkono wa koti anautikisa. Wenzangu wanapiga makofi. Koti limejaa, limetanguliza kifua, halina kichwa, na hakuna anayejali.

"Hongera sana," Bwana Mwambene analiambia. "Tumeona unavyojituma."

"Nashukuru, bosi," koti linasema. "Sifa ni za timu nzima."

Kisha linanigeukia mimi.

"Gaudensia, umechelewa. Kuanzia leo utakuwa chini yangu." Linanionyesha zulia, mahali penyewe, chini ya kiti. "Kaa."

Nikakaa. Nikikumbuka ndoto nzima, hapo ndipo ninapochukia kuliko pengine pote. Sikuuliza swali hata moja. Nilikunja sketi nikakaa.

Lakini ndoto hii haieleweki bila kujua mchana wake ulikuwaje, kwa hiyo niusimulie.

Mimi nafanya kazi benki ya uwekezaji, Dar es Salaam. Si benki ile unayoijua. Hatuna dirisha wala foleni, wala mzee anayekuja na kitambulisho kuulizia pensheni yake. Sisi tunauza makampuni. Kampuni kubwa ikitaka kuimeza ndogo, sisi ndio tunaoandaa meza. Tunaandika kitabu chenye picha na grafu, kinachomweleza mnunuzi kwa nini mlo huu ni mtamu, na mnunuzi akishakula tunalipwa. Mwandishi wa kitabu ni mimi. Bwana Mwambene anakisahihisha kwa kalamu nyekundu, mara nyingi mpaka kinarudi kilivyokuwa mwanzo, halafu anasema sasa ndiyo kimekaa vizuri.

Kila dili hupewa jina la siri, na sisi huyatoa kwa ndege. Kampuni ikishapewa jina la ndege, jina lake halisi halitamkwi tena, si ofisini, si kwenye lifti, si kwako nyumbani. Dili ninaloshughulikia sasa linaitwa Kwale. Kwale ni kiwanda cha biskuti kilichoko Morogoro. Mnunuzi anakitaka kwa sababu ya jina lake na maduka yanayouza bidhaa zake. Mashine za kutengenezea biskuti anazo zake, na watu wa kuzisimamia anao wake. Kwa hiyo akishanunua, atafunga milango.

Mama yangu anafunga biskuti kwenye makatoni katika kiwanda hicho tangu mimi sijaanza shule. Nilipomweleza Bwana Mwambene jambo hilo, nikidhani nitaondolewa kwenye dili, alifurahi. Alisema, "Vizuri sana, basi sekta unaijua."

Jana mchana mama akanipigia. Shule ya masista inatafuta mpishi, na wamemtaka yeye. Wanataka jibu leo asubuhi, kabla ya saa mbili, la sivyo wanamchukua mtu mwingine.

"Huku kiwandani wanatuambia kitapanuliwa," mama alisema. "Sasa nimebaki njia panda. Wewe uko huko kwenye mambo makubwa, nishauri mwanangu. Nikae au niende?"

Ukurasa wa Kwale ulikuwa wazi mbele yangu. Koti langu lilikuwa nyuma yangu, limekaa. Nikasema, "Mama, nitakupigia." Sikumpigia. Nilifanya nilichokuwa nimeagizwa na Bwana Mwambene, nikawatoa wafanyakazi wa Kwale katikati ya ukurasa nikawapeleka kwenye tanbihi. Tanbihi ni ile mistari ya herufi ndogo chini kabisa ya ukurasa, inayoandikwa ili baadaye mtu asije akasema hakuambiwa. Nikamaliza, nikaliacha koti kazini, nikaenda kulala.

Sasa turudi kwenye zulia.

"Amka hapo," koti linaniambia. "Mnunuzi amefika. Lete akiba."

Akiba, katika lugha yetu, ni fedha ambazo mnunuzi hatazilipa tena baada ya kununua. Mishahara, kwa mfano. Kwa Kiswahili cha nyumbani, akiba ni watu watakaofukuzwa. Lakini kwenye kitabu huwezi kuandika hivyo, mnunuzi atapoteza hamu ya kula.

Nafungua mlango wa chumba cha mikutano. Akiba wanaingia wenyewe. Ni wanawake wa zamu ya asubuhi, wamevaa makoti meupe ya kiwandani na zile kofia za wavu za kuzuia nywele zisiangukie unga. Wanavua kandambili mlangoni, wanazipanga ukutani kwa adabu, wanapanda juu ya meza na kukaa, miguu inaning'inia. Mama ni wa tatu. Ameshika chakula chake cha mchana kwenye kile kikopo chake chenye kifuniko cha bluu.

"Shikamoo mama," ninasema.

"Marahaba mwanangu. Mbona uko chini?"

"Niko chini ya koti."

Mama analitazama koti kuanzia kola hadi pindo. "Halijapigwa pasi," anasema.

Mnunuzi ni spika. Yaani ile spika nyeusi ya simu inayokaa katikati ya meza, kwa sababu mnunuzi hatujawahi kumwona, sauti yake tu ndiyo huja mikutanoni. Katika ndoto hakuna mtu wa upande wa pili. Spika yenyewe ndiye yeye.

"Mnanisikia?" inauliza.

"Tunakusikia vizuri, mheshimiwa," anajibu Bwana Mwambene.

"Mimi siwasikii."

"Tunakusikia, mheshimiwa."

"Nimesema siwasikii. Lakini endeleeni, haina shida."

Koti linasimama kuwasilisha. Linanyoosha mkono wake mtupu juu ya wanawake wale, kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine, bila kumgusa mtu. "Mheshimiwa, hizi ndizo akiba."

"Zinapumua," spika inasema.

"Ni kwa muda tu, mheshimiwa."

"Na zinaniangalia. Ukurasa mzima zimeujaza zenyewe. Grafu yangu iko wapi? Mimi nilikuja kuangalia grafu."

Nasimama niseme kitu. Nataka kusema kwamba yule wa tatu ni mama yangu, kwamba mkono wake wa kulia haukunjuki vizuri kwa sababu ya kufunga makatoni, kwamba kila Krismasi anapewa katoni moja ya biskuti zilizovunjika na anawagawia watoto wa mtaa mzima kama vile amepewa ng'ombe. Bwana Mwambene ananyanyua kalamu yake nyekundu, na kalamu ndiyo inayosema.

"Punguza," inasema.

Ni neno lake la kila siku. Punguza maneno, punguza herufi, punguza nafasi, mpaka kila kitu kienee kwenye ukurasa mmoja. Koti linaijua kazi. Linabonyeza kitufe, na wanawake wale wanapungua.

Wanapungua wote kwa pamoja, kimyakimya, na makoti yao meupe na kofia zao za wavu. Kwanza wanakuwa kama watoto wa chekechea. Halafu kama chupa za soda. Mama anashangaa kuona kikopo chake kinapungua naye, anakifungua kuhakikisha chakula bado kimo.

"Gaude," anasema, na sauti yake nayo imepungua, "ndiyo kupanuliwa kwenyewe huku?"

"Punguza tena," kalamu inasema.

Sasa wako kama punje za mchele. Meza imeacha kuwa meza. Imekuwa ukurasa, mweupe, mpana kama uwanja wa mpira, na katikati yake grafu ya rangi ya bluu imechipua na inapanda huku sote tunaiangalia. Spika inaguna kwa raha. Huko chini kabisa ya ukurasa umechorwa mstari mwembamba mweusi, na chini ya mstari huo wale wanawake wanajipanga, mmoja baada ya mwingine, wanageuka kuwa maneno.

Napiga mbio kuelekea kule. Ukurasa unateleza. Nikikaribia mstari, Ukuta unasimama mbele yangu.

Kazini kwetu tuna ukuta, kila benki kama yetu inao. Si wa matofali. Ni sheria kwamba anayejua siri za dili asizungumze na asiyezijua. Tunaambiwa siku ya kwanza, uko upande huu wa ukuta, yule yuko upande ule, na tunatia saini. Sijawahi kuuona, na sasa nauona. Ni Ukuta wa kawaida, umepakwa rangi ya maziwa, umevaa kitambulisho shingoni, ingawa shingo hauna.

"Kitambulisho chako," Ukuta unasema.

Namwonyesha. Nasema namwonyesha kwa sababu alikuwa na tabia za mtu, mtu mpole anayetaka kurudi nyumbani mapema.

"Mama yangu yuko upande huo," ninasema.

"Upande huu hakuna mama. Kuna Kwale."

"Naomba nimwambie neno moja tu."

"Neno gani?"

"Aende."

"Hilo ni siri. Haliwezi kupita. Huna jingine?"

Nafikiri. "Akae."

"Hilo linapita," Ukuta unasema, na unajisogeza kidogo kunipa nafasi. "Tena ukitaka, litamke hata mara mbili."

Hapo ndipo hasira ziliponipanda, na sijawahi kukasirika hivyo nikiwa macho. Uongo ulikuwa na kibali. Ukweli peke yake ndio ulioambiwa usubiri mlangoni. Nikaamua kulitaja jina la kiwanda, lile halisi, kwa sauti ambayo hata spika ingeisikia. Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo, nikasema, "Kwale."

Nikarudia. "Kwale."

Nikajaribu jina la mama yangu, nililolijua kabla ya jina langu mwenyewe. Likatoka Kwale. Kwale mzimamzima akanitoka mdomoni, akatua kwenye ukurasa, akajikung'uta manyoya, akaanza kudonoadonoa kwenye grafu.

"Unaona?" Ukuta unasema kwa huruma. "Mimi sina ubaya na mtu."

Pembeni yake kuna lifti. Haikuwepo, sasa ipo. Naingia.

"Ghorofa gani?" lifti inauliza.

"Tanbihi."

"Huko sipeleki mtu wa benki aliyevaa rasmi. Watu wa chini wanashtuka."

Najitazama. Koti limenivaa. Sikulivaa mimi, lenyewe ndilo lililonivaa, na limefunga vifungo vyote hadi kooni. Linaongea karibu na sikio langu, kwa sauti yangu mwenyewe, ile ninayoitumia kwenye simu za wateja.

"Usifanye upuuzi. Ukishuka huko hutapanda tena."

"Nifungulie."

"Nani amekukalia kiti siku zote hizi? Ulipokuwa unalia chooni, nani alikuwa kazini? Ulipoenda kumzika bibi yako, nani alionekana? Wanaponiangalia mimi wanasema Gaudensia yupo. Mimi ndiye Gaudensia. Wewe ni mtu anayeniacha kitini."

Lilikuwa linasema kweli. Nikaanza kukata vifungo kwa meno. Kifungo cha kwanza kina ladha ya kahawa. Cha pili kinaniuma ulimi. Koti linanibana mbavu, linaniambia habari za fleti yangu, za mdogo wangu anayenitegemea, za wenzangu niliosoma nao ambao wangekipigania kiti hiki leo hii, na mimi natafuna na kutema. Kifungo cha mwisho kinapotoka, koti linaniachia, linajinyoosha mikunjo, linatoka nje ya lifti na kwenda kukaa.

"Sasa ndiyo," lifti inasema. Inashuka.

Milango inafunguka na niko Morogoro, ndani ya kiwanda. Harufu ya maziwa na vanila inanipokea vilevile ilivyokuwa inanipokea nilipokuwa nasubiri getini na sare ya shule. Lakini dari ni ule mstari mweusi, na sakafu ni zulia la ofisini kwetu. Wanawake wa zamu ya asubuhi wamepangwa kwenye mistari, wadogo, weusi kama sisimizi, na bado wanafunga makatoni. Wote wanapiga kelele. Kelele zenyewe ni za herufi ndogo, hazivuki goti.

Napiga magoti. Nalaza sikio kwenye zulia.

"Niko huku chini," mmoja anapaza sauti. "Gaude. Niko huku chini."

"Nimefika, mama."

"Siku nzima nakuita. Wale masista wanasubiri." Anakohoa, anavuta pumzi, anapaza tena kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. "Nikae au niende?"

Nafungua mdomo. Juu yetu kitu kizito kinaanza kunguruma.

"Tafadhali subiri," inasema printa. "Ukurasa unatoka."

Zulia linavutwa. Mstari wa kwanza wa wanawake unaingia kati ya magurudumu ya printa, hawajaacha kufunga makatoni. Halafu wa pili. Namshika mama kwa vidole viwili na mama anateleza, kwa sababu wino haushikiki, na mimi mdomo uko wazi, sauti haitoki, kwa sababu ninachoweza kusema ni ndege tu.

Nikaamka hivyohivyo, mdomo wazi.

Niko chumbani kwangu Tabata, jua limeshaingia hadi kitandani. Jirani anafua. Saa mbili bado haijafika, lakini si mbali. Kwenye simu kuna ujumbe wa Bwana Mwambene: *Kitabu cha Kwale kimeshaenda kwa mnunuzi. Ukurasa wa akiba sasa umekaa vizuri. Uwahi.* Koti langu lilikuwa limeshawahi. Liko kule kitini tangu jana.

Nikampigia mama. Iliita sana. Alipopokea sikumtambua, nikadhani ni mwanamke mwingine, mzee, anayeongea kutoka ndani ya pipa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akakohoa. "Nivumilie mwanangu, sauti imenikauka. Jana nimelala mzima, leo nimeamka hivi. Baba yako amenuna, anasema nimemkosesha usingizi kwa kelele."

"Kelele gani?"

"Mimi nitajuaje? Nilikuwa nimelala."

Nilikaa kitako. Ulimi uliniuma, pale pale ulipong'atwa na kifungo. Nikawaza Ukuta, nikawaza saini niliyotia siku ya kwanza, nikawaza kiti changu na watu wanaokitaka. Niliogopa, sitadanganya. Niliogopa zaidi kwamba nikifungua mdomo atatoka ndege.

"Mama," nikasema, "Kiwanda cha Biskuti Lukwangule kinafungwa. Hakipanuliwi, mnadanganywa. Wote mnatolewa, na aliyewaandika kwamba mtolewe ni mimi. Nenda kwa masista. Nenda sasa hivi, kabla ya saa mbili."

Jina lilitoka lote. Nililisikia linapita chumbani, zito, la kawaida, kama lilivyoandikwa kwenye kila katoni tuliyowahi kuwekea nguo nyumbani kwetu.

Nikasikia sufuria inawekwa chini, nikasikia anatafuta viatu. Nilingoja anilaumu, na nilikuwa tayari.

"Haya," alisema kwa ile sauti yake iliyokwisha. "Kumbe ulinisikia."